Kuona Mara Moja

Yuko mtu asemaye, "Nimeona kwa macho yangu," akadhani shauri limekwisha. Twauliza: je, aliyeona mara moja aweza kushuhudia jinsi kitu kilivyo? Tuliongozwa kuuliza hivi na habari za mbinguni, na kosa letu wenyewe hapa Newala.

Wasomaji wetu wa Newala na Masasi wazijua nyota za kiangazi. Lakini mbali kupita nyota hizo zote yako makundi makubwa ya nyota, yaitwayo galaksi, na katika kitovu cha baadhi yake limo shimo jeusi lenye uzito kupita mamilioni ya majua. Vitu vivutwavyo humo havimezwi vyote. Vingine hurushwa nje kwa mikondo miwili myembamba, iendayo mbio karibu sawa na mwanga. Mkondo ukielekea kwetu, twapokea mionzi mikali ya eksirei na ya gama, isiyoonekana kwa jicho.

Eksirei hizo huzuiwa na hewa. Kwa hiyo hapo kwanza wataalamu walirusha roketi, zikachungulia dakika chache, zikaanguka. Ndipo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ikarushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. (Neno la Kiswahili lilifika huko juu kabla yetu sisi wenye lugha, nasi hatukosi kufurahi.) Ikakesha hata Machi 1973, na vyanzo 339 vya eksirei vikaandikwa kwa kazi yake, miongoni mwake galaksi zenye mikondo, kama M87.

Mionzi ya gama nayo ikigonga hewa hutoa mmweko dhaifu, na darubini za H.E.S.S. nchini Namibia huunasa. Tangu miaka ya 2002 na 2003 zimeitazama galaksi iitwayo PKS 2155-304, ambayo mwanga wake husafiri zaidi ya miaka milioni elfu moja kutufikia. Mara nyingi imetulia. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2006 iliwaka zaidi ya mara kumi kuliko desturi yake, na nuru ikapanda maradufu kwa dakika tatu hivi. Aliyeitazama usiku ule tu atasema ni tanuru. Aliyeitazama wakati wa utulivu tu atasema ni kaa linalozimika. Wote wawili wameona kwa macho, na wote wamekosa. Tena, hiyo "desturi yake" ingejulikanaje, kama si kwa usiku mwingi wa kuchosha, usioleta habari yoyote?

Labda mwalimu mwenzetu atajibu kwamba shule haiwezi kungoja miaka. Ni kweli, nasi tulijibu vivyo hivyo. Siku moja ya Septemba tulimkuta mtoto amelala darasani. Tukamwita mvivu na mtoro, tukamwandikia baba yake barua kali. Baba akamwondoa shuleni. Mwisho wa mwaka, tukijumlisha daftari la mahudhurio, tuliona kwamba tangu Januari hata Juni hakukosa siku moja. Alianza kukosa kiangazi kiliposhika, wakati watu wa kwao washukapo bondeni usiku kutafuta maji.

Daftari hilo tuliliandika kwa mkono wetu, kila asubuhi. Tulikwenda kwao na daftari mkononi, tukaambiwa amekwisha kupelekwa kwa mjomba wake, ng'ambo ya Ruvuma.