Ujira wa Mwimbaji

Mpwa wangu amekaa kizingitini na simu yake ya Tecno. "Mjomba, tulipie ipi? Boomplay, Audiomack ama Spotify?" Kwake ni swali la mega na bei. Mimi limeninyima usingizi, maana mle ndani umo wimbo wa kwaya yetu.

Tuliurekodi kanisani, hapa Mulongwe, usiku umeme uliporudi. Kabla ya ubeti wa tatu, mama mmoja wa sauti ya pili anavuta pumzi, na inasikika. Amekwisha kufariki. Nikifika hapo nainamisha kichwa. Kwa mwaka mzima wimbo huo umesikilizwa mara 214.

Nimesoma jinsi Spotify inavyogawa: fedha hutiwa chungu kimoja, kila mwenye nyimbo akachota kwa kadiri ya fungu lake katika usikilizaji wote. Na tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 hauingii kwenye mgao. Sababu waliyotoa si ya uongo: senti hizo ni chache mno, mara nyingi hukwama kwa mawakala na benki zisimfikie mwenyewe.

Lakini baba yangu alikuwa mvuvi wa Kalundu. Mtumbwi ukirudi na ndagala wa sahani moja, aliyekesha akipiga kasia alipewa wake, hata kama ni kiganja. Hakuna aliyemwambia asubiri mpaka wajae beseni.

Mpwa wangu akasema: "Basi mjomba, waimbaji tuwatolee sadaka." Hapo nikakataa. Sadaka natoa nikipenda, na nikiitoa nasifiwa. Aliyeniimbia ananidai. Yakobo, sura ya 5 ya waraka wake, hatuombi tuwahurumie wavunaji; anausemea ujira wao uliozuiliwa, kwamba unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimemfikia Mungu. Ujira mdogo haugeuki sadaka kwa udogo wake.

Hata hivyo siwezi kumwambia afute programu zote, turudi kwa vijana wanaotuwekea nyimbo kwenye memori kadi. Kule mwimbaji hahesabiwi kabisa. Tena katika hizo mara 214 wamo watu wetu walioko kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, tangu vita vya miaka ya 1990. Memori kadi gani ingewafikia?

Basi nimemwambia achague isiyomaliza mega, tutalipa. Ila kila mwisho wa mwezi tutahesabu mara tulizosikiliza wimbo wa kwaya, na franka zake nitampa mtunza hazina mkononi, si katika kapu la Jumapili.

Akafikiri, kisha akauliza: "Na fungu la yule mama, mjomba, atapewa nani?"

Aliacha binti. Anauza samaki wa mukeke kando ya barabara ya Kavimvira. Kesho asubuhi nitapita kwake.