Saa Moja ya Giza, na Miti ya Ufipa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ardhi kuwa tandiko na milima kuwa vigingi, akateremsha maji kwa kipimo. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.

Imekuwa desturi ya watu wa miji mingi ya dunia, kila mwaka, katika Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi wa Machi, kuzima taa zao kwa muda wa saa moja, tangu saa mbili u nusu ya usiku hata saa tatu u nusu. Jambo hili lilianza katika mji wa Sydney, nchi ya Australia, tarehe 31 Machi 2007, kwa wito wa jumuiya iitwayo WWF. Na mwaka wa pili wake likaenea katika miji ya nchi nyingine. Husudi la wito huo ni kuwazindua watu wasiiharibu ardhi kwa moshi wa mitambo na joto lake. Na kwa kuwa habari hii imefika pwani, vijana wa Kiislamu wameanza kuulizana juu yake katika baraza: wa kwanza husema ni bidaa ya makafiri, wa pili husema ni thawabu, na wa tatu husema ni mchezo usio na maana.

Yapasa kwanza kuitoa bidaa mahali pasipo pake. Bidaa iliyokatazwa ni ile iingizwayo katika ibada, mtu akadai kuwa ni dini na hali si dini. Kuzima taa si sala wala si funga. Ni ada katika ada za watu, na mafakihi wamekubali kwamba asili ya mambo ya ada ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Basi mwenye kuzima taa yake saa ile hana dhambi, na mwenye kuiacha ikiwaka hana dhambi kwa ajili ya saa ile. Lililobaki ni kuuliza: je, lina faida?

Na hapa hesabu ndiyo hakimu. Taa ya kale ya wati 60, ikizimwa saa moja, huokoa umeme usiotosha kuchemsha lita moja ya maji. Taa hizi mpya za wati 9 ndizo zaidi: zizimwe 10 kwa saa moja, ndipo upatikane umeme wa kuchemsha birika moja dogo la chai. Waliokusanya vipimo vya nchi 10 kwa muda wa miaka 6 walikuta ya kuwa matumizi ya umeme katika saa ile yalipungua kwa wastani wa 4 kwa 100. Mwaka una saa 8,760, na hiyo ni moja. Tena wako wazimao taa ya umeme wakawasha mishumaa 20, na nta ya mishumaa hiyo yatokana na mafuta yale yale ya ardhi ambayo watu wanaambiwa wayapunguze.

Wenye kuutoa wito huo nao, kwa kusema haki, hawakudai kwamba saa moja yaponya dunia. Wasema ni ishara tu. Na Muislamu hawezi kudharau ishara, kwani dini yake ina ishara nyingi, na adhana yenyewe ni wito wa kuendea sala. Lakini mwenye kuisikia adhana akasema, "Nimesikia, imetosha," kisha akalala, huyo hakusali. Na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alifundisha ya kuwa wako wafungao ambao funga yao haiwapi ila njaa, na wako wasimamao usiku ambao kisimamo chao hakiwapi ila kukesha. Ikiwa funga iliyofaradhishwa yaweza kuwa njaa tupu, basi giza la saa moja lililobuniwa na watu ni karibu zaidi kuwa giza tupu.

Watu wa Unguja wanalijua giza. Katika mwezi wa Mei 2008 umeme uliotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani kadiri ya mwezi mmoja. Tena Desemba 2009 ukakatika, usirudi ila Machi 2010. Je, bahari ilitakasika au hewa ikapoa? Wenye mali walinunua mashine za dizeli zikanguruma usiku na mchana katika Mji Mkongwe, na pampu za maji zikasimama, na wanawake na watoto wakabeba ndoo. Giza peke yake, lisilofuatwa na mwendo mwingine, humzidishia maskini taabu na tajiri humwongezea moshi.

Sasa na utazamwe mji ulio mbali na bahari, upate kuwa kielelezo. Sumbawanga ni mji wa mkoa wa Rukwa, katika uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa. Wenye lugha husema maana ya jina lake ni "tupa uchawi". Na hapana mtu aaminiye kuwa uchawi umetoka kwa kuitwa mji jina hilo. Nchi ile ni ya baridi, khasa Juni na Julai, na sehemu yake kubwa ni majani matupu yasiyo miti, hata msafiri wa pwani aliyezoea minazi na miembe hustaajabu. Zamani Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa chuma: walijenga matanuri marefu ya udongo, yapita kimo cha mtu, wakiyaita malungu, wakayalisha mawe ya chuma na makaa ya miti, na mabaki yake yasimama hata leo katika nyika. Wako wasemao kwamba matanuri hayo, pamoja na moto wa nyika wa kila mwaka, yalichangia kuimaliza miti ya uwanda ule.

Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulitoka Zambia, na umeme wa Zambia sehemu yake kubwa hutokana na maporomoko ya mito na mabwawa, si moshi. Basi mtu wa Sumbawanga azimapo taa yake saa ile, moshi anaouzuia ni kidogo sana. Na mwaka wa 2024, ukame ulipoipiga Zambia na maji ya Kariba yakashuka, watu wa huko walikaa gizani saa nyingi za kila siku pasipo kualikwa na jumuiya yoyote. Ama mwanamke wa kijiji cha Ufipa apikaye ugali juu ya mafiga matatu, ambaye hajapata kuwa na taa ya umeme, yeye aambiwe azime nini? Kwake mwaka mzima ni saa ile. Linaloiharibu nchi yake si taa bali ni kuni na makaa, na moto uwashwao nyikani wakati wa kiangazi ukapita mipaka.

Juu ya mji wa Sumbawanga iko milima ya Mbizi, na katika milima hiyo umebaki msitu, wenye mbega wekundu walio haba duniani, na ndani yake mna chemchemi zishukazo kwa watu. Msitu huo ukikatwa, chemchemi hukauka. Muislamu wa Sumbawanga atawadhaye alfajiri yuko katika deni la miti asiyoiona. Na hilo ndilo jambo la kumtia hofu, kuliko taa.

Serikali imeiweka tarehe 1 Aprili kuwa Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, nalo ni jambo jema katika asili yake. Lakini mwenye akili na atazame majira. Pwani, siku hiyo huingia katika masika, na mche hupata mvua ya kutosha kushika mizizi. Ufipa mvua huanza Novemba na hukoma Aprili. Mche upandwao siku ile kwa ngoma na hotuba hupata wiki chache za mvua, kisha huachiwa miezi sita ya jua na upepo na moto wa nyika. Mwenye kupanda Desemba bila ngoma, akaupalilia mche na kuufyekea majani pande zote kuuzuilia moto, huyo amepanda. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, aliamuru katika maneno aliyoyapokea Anas kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche, akiweza kuupanda na aupande. Hakutaja ndani yake watazamaji.

Na Wafipa wanayo kazi yao ya kale impasayo mtu wa pwani kuijua. Hawayachomi majani yote ya shamba. Huyafukia chini ya matuta ya mviringo waitayo ntumba, yakaoza humo yakawa mbolea, kisha mwaka wa pili huyatandaza wakapanda ulezi na mahindi na maharage. Kazi hiyo haina siku ya sherehe wala bendera, nayo imewalisha watu kwa vizazi vingi katika udongo usio na rutuba kubwa. Bibi Aisha amepokea kwamba amali zipendezazo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zidumuzo, zijapokuwa chache. Tuta la Mfipa ni katika amali hizo, na saa ya Machi siyo, ila kwa yule ambaye imemfungulia mlango wa kudumu.

Tena Mtume aliagiza kuzima taa. Jabir amepokea kwamba alifundisha taa zizimwe usiku watu wanapolala, kwa kuwa panya huweza kuukokota utambi akawaunguza wenye nyumba. Alizizima kila usiku, wala si mara moja kwa mwaka, na kwa sababu ijulikanayo. Na Anas amepokea kwamba yeye Mtume alitawadha kwa mudi moja, nayo haijazi hata chupa ya lita moja, akaoga kwa pishi moja hata mudi tano. Mwanamume wa leo hufungua mfereji wa msikiti, akazungumza na mwenziwe habari za bei ya samaki, na maji yakenda. Kisha usiku ule wa Machi akazima taa akajiona ameiokoa ardhi! Mwenyezi Mungu katika Sura ya Israi, aya ya 26 na ya 27, amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na hakuwabagua wenye maji mengi na wenye maji machache.

Mtu wa pwani asiwacheke Wafipa kwa uwanda wao usio miti. Magunia ya makaa yaingiayo Dar es Salaam kila alfajiri yatoka msituni, na katika tanuri la udongo miti ya kilo 10 hutoa makaa ya kilo 1 au 2 tu. Iliyobaki imekwenda moshi. Na katika harusi na maulidi za pwani hupikwa pilau kwa kuni za mikoko na mikwaju, nusu ikaliwa na nusu ikatupwa jalalani. Basi kuni zimeteketea kwa kulisha kunguru. Serikali imekataza tangu mwaka wa 2024 taasisi zipikiazo watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na makaa, ikaweka shabaha kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Ni haki madrasa zenye wanafunzi wa kulala ziwe za mbele katika hili, wala zisingoje kuja mkaguzi. Na asiyeweza kununua gesi leo, na aloweke maharage tangu usiku, na aifunike sufuria, na ajenge jiko la udongo lenye kuhifadhi moto badala ya mafiga wazi. Kuni zitapungua siku ile ile, na mkewe na binti zake watapumzishwa safari ya mwituni.

Imebaki masala moja ambayo huulizwa na maimamu: je, taa za msikiti zizimwe katika saa ile? Jawabu ni kwamba wakiwamo watu wasalio au wasomao, haki ya taa ni yao, wala hawaondolewi kwa ajili ya ishara ya mtu. Na kama msikiti ni mtupu, mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi wamekwisha kusema zamani, katika siku za mafuta na utambi, kwamba mali ya wakfu haiteketezwi kwa taa isiyomnufaisha mtu. Basi mwadhini na azizime zote Isha ikiisha na watu wakitoka, abakishe moja mlangoni kwa ajili ya wapitao, akaufunge mfereji unaotona, usiku wa Machi na usiku wa Aprili na usiku wowote mwingine. Wallahu aalam.