Je, Bati Laweza Kushuhudia Njaa?

Wasomaji wetu, liko swali ambalo yafaa tulitafakari, sisi tukaao Kibamba na wenzetu wa mitaa na vijiji vingine: Je, ni haki maskini apimwe umaskini wake kabla ya kusaidiwa?

Katika Tanzania jambo hili si la kubuni. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ndio TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na mwaka 2012 ukaanza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Njia yake ilikuwa hii. Kwanza wakazi walikutanika, wakazitaja kaya walizoziona kuwa maskini kupita nyingine. Kisha waandikishaji walizifikia kaya hizo, wakauliza: watu wangapi hulala humu, watoto wangapi wasoma, nyumba imeezekwa kwa nini, mna mali gani ndani? Majibu yakapigiwa hesabu na mashine, na majina yaliyopita yakarudishwa mkutanoni yathibitishwe na watu.

Wako wasemao kwamba kupima hivi ni kumwaibisha mtu. Hatukubaliani nao kwa yote. Fedha za umma zina mwisho. Zikigawanywa kwa wote sawasawa, kila mmoja hupata kiasi kisichonunua kitu. Mwenye mkate mmoja na wageni kumi hana budi kuuliza ni nani aliyeshinda na njaa.

Lakini kipimo hiki kina upofu wake. Uchumi ukiyumba, kama ulivyoyumba mwaka 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, watalii walipoadimika na hoteli zikakosa wageni, mtu hupoteza kazi katika juma moja. Bali mabati aliyoyanunua miaka ya neema yabaki juu ya nyumba. Mwashi aliyekosa kibarua huonekana katika fomu kuwa ni afadhali kuliko jirani yake aliyeezeka makuti, ingawa usiku ule vyungu vya wote wawili ni vitupu. Bati hueleza habari za jana. Njaa ni ya leo.

Basi, ni nani awezaye kuona kile ambacho fomu haikioni? Ni jirani, ajuaye jiko lipi halikuwashwa moto. Ndiyo maana mkutano ule ni mahali pa ushahidi. Amtajaye ndugu yake asiyestahili amemnyang'anya mjane fungu lake. Naye anyamazaye kwa wivu, jina la mhitaji lisiandikwe, amefanya vivyo hivyo. Mwaka 2016 serikali ilipofanya uhakiki, maelfu ya kaya zilionekana hazistahili, zikaondolewa. Mashine haikuyabuni majina hayo. Yalitoka kwa watu.

Hivyo twaonelea kwamba kipimo ni haki, maadamu twakitumia kama kibaba cha kugawia kilicho kichache. Tukikifanya hukumu juu ya mtu, twamdhulumu. Aliyeandikwa asidharauliwe, wala aliyeachwa asiambiwe, "Umepimwa, ukaonekana unacho." Huenda alikosa kwa kuwa fedha ziliishia mlangoni pa jirani yake.

Kwa hiyo, tuitwapo mkutanoni tuseme kweli, hata ikiwaudhi jamaa zetu. Tena tukirudi nyumbani tuwakumbuke wale ambao majina yao hayakusomwa, tuwapelekee kibaba cha unga bila kuwauliza habari za bati lao.