Sindano Isiyo na Dawa

Nafuu isiyojulikana imetoka wapi, ni nafuu ya kweli au tunajidanganya? Hapa Mulago swali hili halijadiliwi hospitalini tu. Akina mama wetu wanaopandisha kilima na magoti yanayouma wanalo pia. Mmoja anameza diklofenaki, mwingine anajipaka mafuta ya moto, na siku hizi kuna anayeuliza habari za akupancha, ile tiba ya Wachina ya kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa ndani.

Wajerumani walilipima jambo hili. Mwaka 2006 walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye magoti yaliyolika gegedu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano sehemu zile zinazofundishwa na Wachina. La pili lilichomwa juujuu tu, mahali pasipohusika, bila kuambiwa. La tatu lilionwa na daktari na kupewa vidonge vya kawaida. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya maana walikuwa 53 katika kila 100 kwa kundi la kwanza, 51 kwa la pili, na 29 kwa la tatu.

Kumbe mahali pa kuchoma hapakuwa na uzito mkubwa! Labda mwili unaitikia sindano popote inapoingia. Labda ni matumaini, au ule mkono wa mtu anayekuhudumia.

Wengine watasema: basi ni uongo mtupu. Mimi nakataa. Mama aliyeweza tena kuchuchumaa na kufua hajadanganywa na goti lake. Sisi wakimbizi tumekaa mbele ya meza nyingi tukiombwa ushahidi wa maumivu, na maumivu hayana karatasi. Anayeyajua ni mwenye nayo.

Lakini nafuu ikiwa ya kweli, haina maana kwamba kila neno la mganga ni la kweli. Kuna ugonjwa mwingine wa viungo, ambao kinga ya mwili yenyewe inavishambulia. Huo unaweza kuendelea kula vidole kimyakimya hata maumivu yakipungua, na dawa za hospitali ndizo zinazoupunguza kasi. Atakayemwambia mama, "Achana na vidonge, sindano zinatosha," amemwibia mikono yake. Na atakayemuahidi kupona kabisa ili apewe hela ya kodi ya nyumba, huyo naye ni mwizi, hata kama mgonjwa atatoka akitabasamu.

Kwa hiyo dada, mama, shangazi: pima kwanza ujue ni ugonjwa gani. Dawa usiache. Hela ya kodi na ya shule ya watoto usiiguse. Hapo ukitaka sindano, na ukaona zinafunguliwa mpya mbele yako, nenda. Ukipata nafuu, ni yako, hudaiwi maelezo. Maelezo anadaiwa yule anayekuuzia.