Wenzao wa Chombo cha Pili



Katika Luka mlango wa 5 twasoma habari za Simoni na nyavu zake. Usiku kucha alifanya kazi bure. Kulipokucha, kwa neno la Bwana, nyavu zikajaa hata zikaanza kukatika. Naye akawapungia mkono wenzake wa chombo cha pili waje wasaidie, vyombo vyote viwili vikajaa. Sisi wahubiri twapenda kusimulia wingi wa samaki, na mkono ule uliopunga twaupita upesi. Walakini kila mvuvi ajua ya kuwa jambo lile si desturi. Apataye mahali penye samaki hunyamaza, asimwambie hata ndugu yake.

Hofu hiyo, ya kwamba maji hayatatosha sisi na wageni, si ya ziwa letu tu. Huko Marekani, katika mji wa Seadrift ulio pwani ya Texas, wakimbizi wa Vietnam, waliokosa kwao baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1975, walianza kuvua kaa. Wenyeji wakaona riziki yao yachukuliwa. Wakagombana juu ya mahali pa kutega mitego, na mwezi wa Agosti 1979 mwenyeji mmoja akapigwa risasi akafa. Kisha mashua za wakimbizi zikatiwa moto.

Tusiwanyoshee kidole watu wa mbali. Mwaka 1994, watu wa Rwanda walipokimbia, zaidi ya laki mbili walivuka Rusumo kwa muda wa siku mbili, wakaingia Ngara. Na TCRS, shirika la Kilutheri, lilikuwa miongoni mwa waliowahudumia. Wenyeji waliwapokea, kisha wakaona miti yao yakatwa kwa kuni, wakachoka. Hatuwalaumu kwa kuchoka. Wazee wetu walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ya tatu mfukuze.

Tena mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita, ng'ambo ya maji yetu. Wakaondolewa hata watu waliokaa miaka mingi, wengine wameoa na kuzaa kwetu. Serikali ina haki ya kulinda mipaka, na wanyang'anyi walikuwapo kweli. Lakini sisi tulio Kanisa twaulizwa neno jingine. Siku ile jirani alipotajwa kuwa mgeni, ni nani aliyemtaja? Na mtumbwi wake ulibaki mikononi mwa nani?

Hapa Igoma tunao mashahidi walio kimya. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, watu mamia wakafa, na wengi wao wamelala katika makaburi yaliyo hapa kwetu. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameandikwa majina. Wakazikwa hivyo hivyo, na ardhi ya Igoma haikuwauliza kabila wala kibali. Nasi twaona haya kusema: maiti tusiyemjua tulimpa mahali, na aliye hai twamnyima nafasi mwaloni, kwa kuwa matamshi yake si yetu.

Basi, ikiwa yuko miongoni mwetu aliyebaki na nyavu za jirani aliyeondolewa mwaka ule, na aje kwa mzee wa kanisa wa mtaa wake. Hataulizwa mengi. Zitatafutiwa njia ya kurudi kwa mwenyewe, au kwa watoto wake.