Mlima na Amana

Msafiri aelekeaye Manga, mpakani mwa Kisii na Nyamira, huona magenge ya kwatsaiti yamesimama juu ya migomba na mashamba ya chai, na asiyeijua ilimu ya miamba aweza kudhani kwamba, Kenya ikijenga kinu cha nyuklia kama ilivyoazimia, jabali gumu namna hii ndilo lifaalo kuzikiwa taka zake. La hasha. Kwatsaiti, kwa ugumu wake, haipindiki bali hupasuka, na penye ufa hupita maji, na maji ndiyo mchukuzi wa sumu.

Kwa sababu hiyo wataalamu hawaulizi ni mwamba upi mgumu, bali ni upi usiopitisha maji. Wafini wamechimba Olkiluoto, kina cha mita 430 hivi, katika mwamba wa kale ambao nao una nyufa, ndipo wakaazimia kuzitia taka katika mitungi ya shaba na kuizungushia udongo wa bentonaiti, ambao ukilowa hufura na kuziba. Wamarekani huko New Mexico huzika baadhi ya taka zao katika chumvi, ambayo hujongea polepole na kufumba mianya yake. Ilhali huko Asse, Ujerumani, maji yaliingia katika machimbo ya zamani ya chumvi yaliyokwisha kujazwa mapipa. Wafaransa nao wamechagua udongo mgumu wa mahali paitwapo Bure.

Hapo ilimu huishia, na suala la dhima huanza. Plutoniamu-239, iliyomo katika taka hizo, hupoteza nusu ya nguvu zake kwa miaka 24,000 hivi, na hapana dola wala lugha iliyopata kudumu muda huo. Basi hatuna budi kuchagua mwamba utakaolinda hata walinzi wote wakisahau. Kurani yasimulia kwamba amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vikakataa kuichukua, mwanadamu akaichukua. Je, leo tukiutwika mlima mzigo tulioutengeneza wenyewe, tumetimiza amana ama tumeikimbia? Naona tumeitimiza kwa shuruti moja: kwamba tuliutafuta mwamba kabla ya kuwasha moto, kwa ridhaa ya jirani zake walio hai, maana wasiozaliwa hawawezi kuulizwa. Mataifa makubwa yaliwasha kwanza, na taka zao kali nyingi zingali juu ya ardhi. Kenya haijawasha, basi wenye mamlaka watuonyeshe mwamba kwanza, kisha ndipo watuonyeshe kinu.