Mzuka, Mbwa na Haki ya Asiyeweza Kujisemea

Swali la kama mnyama ana nafsi inayodumu baada ya kifo limewekwa kwa muda mrefu pembezoni mwa teolojia, yaani elimu inayoyachunguza mambo ya Mungu na imani kwa njia ya hoja, kana kwamba ni swali la watoto waliofiwa na paka wao na si la watu wazima wanaoutafuta ukweli. Msimamo unaotetewa hapa ni kinyume cha huo, kwa kuwa imani yoyote inayodai kwamba yapo yasiyoonekana hupimwa kwanza kwa namna inavyomtendea kiumbe anayeonekana lakini asiyeweza kujisemea. Aliyelidhihirisha jambo hili kwa maisha na vitabu vyake hakuwa mwanateolojia wala mwanafalsafa, bali mwandishi wa hadithi za mizuka na za maisha ya baada ya kifo, Mmarekani Elizabeth Stuart Phelps, aliyezaliwa Boston mwaka 1844 na kufariki mwaka 1911, ambaye alianza kazi yake kwa kuwatetea wafu na kuimaliza kwa kuwatetea mbwa.

Phelps alikulia Andover, katika jimbo la Massachusetts, ndani ya chuo cha kuwafunza wachungaji ambako baba yake, Austin Phelps, alikuwa profesa, na ambako babu yake mzaa mama, Moses Stuart, alikuwa amefundisha Kiebrania na maandiko matakatifu. Alibatizwa kwa jina la Mary Gray, lakini mama yake, ambaye naye alikuwa mwandishi, alipofariki mwaka 1852, binti huyo wa miaka minane alilichukua jina la marehemu na kulibeba hadi mwisho wa uhai wake. Kwa upande wa baba, babu yake Eliakim Phelps alikuwa mchungaji aliyeishi Stratford, Connecticut, ambako mwaka 1850 nyumba yake ilivuma Marekani nzima kwa habari za milio ya kugonga isiyo na mgongaji, vyombo vilivyoruka hewani, na nguo zilizokutwa zimepangwa chumbani mfano wa wanawake waliopiga magoti wakisali. Mjukuu aliyatumia mambo hayo katika hadithi yake iitwayo “The Day of My Death”, ambamo mtu mmoja anatabiriwa siku ya kufa kwake na anayedai kusema na wafu, na siku hiyo inapita naye yu hai. Tangu mwanzo, basi, Phelps hakuwa mwepesi wa kuamini kila mlio wa ukutani. Kilichomshughulisha kilikuwa kile ambacho walio hai wanadaiwa na wale wasioweza tena kuwafikia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyodumu kuanzia 1861 hadi 1865 na kuua askari zaidi ya laki sita, vililigeuza swali hilo kuwa msiba wa kila nyumba. Kijana ambaye Phelps alimpenda alikufa vitani mwaka 1862, na mwaka 1868 ulitoka mtungo uliompa umaarufu, “The Gates Ajar”, ulioandikwa kwa namna ya shajara ya msichana Mary Cabot, ambaye kaka yake ameuawa vitani na ambaye anaumizwa zaidi na maneno makavu ya viongozi wa kanisa kuliko anavyofarijiwa nayo. Anayemwokoa na ukiwa huo ni jamaa yake Winifred, mjane aliyetoka Kansas, ambaye hoja yake ni kwamba Mungu aliyempa mwanadamu mapenzi ya mahali, ya kazi na ya watu maalumu hawezi kumpa huko mbinguni uzima usio na lolote kati ya hayo. Katika mbingu hiyo zimo nyumba na milima, kimo kinanda kwa aliyetamani kupiga muziki asiupate duniani, na vimo hata vibiskuti vya tangawizi kwa ajili ya mtoto wa Winifred. Wakosoaji walikiona kitabu hicho kuwa cha kitoto, ila wajane na akina mama waliofiwa walikinunua maelfu kwa maelfu Marekani na Uingereza, kwa sababu kilisema jambo ambalo mahubiri yalikuwa yamelikwepa, kwamba upendo wenyewe ni ushahidi, na kwamba kinachopendwa kwa haki hakistahili kufutika.

Hata hivyo, sehemu ya fikra yake inayoizidi hiyo kwa uzito imo katika hadithi fupi ya baharini, “Kentucky’s Ghost”, iliyoingizwa katika mkusanyo wake wa mwaka 1869. Kijana aliyejificha melini bila ya nauli anagunduliwa meli ikiwa imekwisha kutweka, na kwa kuwa jina lake halimo katika orodha yoyote na hana wa kumsemea, ofisa mmoja wa meli anamtesa apendavyo, hata kumpandisha mlingotini wakati wa dhoruba, ambako anaanguka na kufa. Baadaye mzuka wake unarudi kwenye meli ileile, na yule mtesaji anakutana na mauti kwa njia hiyohiyo ya mlingoti. Mzuka wa namna hii haupo kwa ajili ya kutisha tu. Ni dai lisilolipwa, ni mlalamikaji aliyenyimwa mahakama akiwa hai na ambaye ulimwengu hauwezi kutulia mpaka asikilizwe. Anayezisoma hadithi hizo hivyo hashangai kuona kwamba mwandishi wake, baada ya miaka thelathini, aliacha kuandika juu ya mabaharia waliokufa akaanza kuandika juu ya mbwa walioibwa, kwa maana mteswaji alikuwa mmoja, yaani yule ambaye maumivu yake hayaandikwi popote.

Mazingira ya Boston yalikuwa yameandaliwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1868, mwaka uleule wa “The Gates Ajar”, George Angell alianzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama cha Massachusetts. Mwaka 1895 kikaundwa chama cha kupinga upasuaji wa wanyama walio hai, yaani desturi ya maabara ya kumchana mnyama angali anapumua ili kuchunguza jinsi viungo vyake vinavyofanya kazi. Na mwaka 1899 Anna Harris Smith akaanzisha jumuiya ya kuwaokota na kuwahifadhi mbwa, paka na farasi waliotupwa mitaani. Mwaka huohuo Phelps alichapisha hadithi iitwayo “Loveliness”, inayomhusu kijibwa cha msichana mgonjwa kilichoibwa na kuuzwa maabara, kisha kikaokolewa kabla kisu hakijakigusa. Mwaka 1904 akafuatisha riwaya “Trixy”, ambamo mbwa aliyefunzwa michezo na mvulana maskini mwenye ulemavu anaishia mikononi mwa daktari kijana. Katika riwaya hiyo Phelps anamwonesha daktari huyo tangu siku zake za uanafunzi, alipotetemeka mbele ya mnyama wa kwanza aliyewekwa mezani, na jinsi mtetemo huo ulivyopungua hatua kwa hatua mpaka ukaisha. Mwandishi hakuridhika na hadithi peke yake, bali alikwenda mbele ya wabunge wa Massachusetts kuitetea miswada ya kudhibiti upasuaji huo, ambayo ilishindwa, ingawa Uingereza ilikuwa na sheria ya leseni tangu 1876.

Katika miaka hiyohiyo na katika mji jirani wa Cambridge, mwanafalsafa William James, ambaye naye alizichunguza kwa bidii habari za mizuka na za watu wanaodai kusema na wafu, alimtaja mbwa wa maabara katika mhadhara wake wa mwaka 1895 kuhusu kama maisha yana thamani. Alisema kwamba mbwa anayepasuliwa haoni chochote cha ukombozi katika kinachompata, ilhali huenda mateso yake yanatumikia kusudi ambalo akili yake haiwezi kulifikia, na kwamba mwanadamu naye huenda yumo ndani ya ulimwengu mpana zaidi ambao kusudi lake halioni. Hoja hiyo ina nguvu kwa anayetafuta ruhusa ya kuamini, lakini inampita mbwa mwenyewe, kwa kuwa inayageuza maumivu yake kuwa kielelezo cha kumfariji mtu mwingine. Phelps alisimama upande wa pili wa meza ileile. Ikiwa mwanadamu anamwomba aliye juu yake asimwache katika giza la mateso asiyoyaelewa, basi yeye mwenyewe, aliye juu ya mbwa, hana budi kujiuliza anamtendeaje anayemtazama kwa ombi hilohilo.

Juu ya hatima ya mnyama baada ya kifo, mapokeo ya dini hayana kauli moja. Thomas Aquinas, mwanateolojia mkuu wa karne ya 13, alifundisha kwamba nafsi ya mnyama hutegemea mwili kwa kazi zake zote na kwa hiyo hupotea pamoja nao, na mwanafalsafa Descartes katika karne ya 17 alikwenda mbali zaidi kwa kumfananisha mnyama na mtambo. Kwa upande mwingine, Askofu Joseph Butler alikiri mwaka 1736 kwamba hoja zake za kutokufa kwa nafsi ya mtu haziwezi kuzuiwa zisimfikie mnyama, na John Wesley, katika mahubiri aliyoyatoa mwaka 1781 kwa kutegemea sura ya nane ya Waraka kwa Warumi, alitaraji kwamba viumbe vyote vitarejeshwa katika hali bora. Katika Uislamu, Kurani inawataja wanyama kuwa ni umma kama walivyo wanadamu na kwamba watakusanywa kwa Mola wao, na Hadithi inaeleza kwamba siku ya Kiyama hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe. Wanateolojia wa Kimu’tazila, waliosisitiza kwamba matendo ya Mungu hayawezi kuwa kinyume cha haki, walishikilia kwamba mnyama aliyeteseka bila kosa anastahili fidia, na wapinzani wao wa Kiash’ari wakakataa kwamba Mungu anawajibika kwa lolote. Katika mapokeo hayo, kama katika ile hadithi ya meli, mnyama anafika mbele ya hukumu akiwa mdai.

Inaweza kudhaniwa kwamba wajibu wa mwanadamu unasubiri jibu la mjadala huo, lakini sivyo. Ikiwa mnyama anafufuliwa na kulipwa, basi anayemtesa anajiandikia deni mbele ya hakimu asiyesahau. Na ikiwa mnyama hafufuliwi, basi dhuluma aliyofanyiwa haina mahali popote pa kufidiwa, na kwa hiyo ni nzito zaidi, hoja iliyotolewa na mchungaji wa Kiingereza Humphrey Primatt mwaka 1776 na kurudiwa katika karne ya 20 na mwandishi C. S. Lewis. Njia zote mbili zinafika palepale. Anayesema kwamba mbwa hana akhera hajapata kibali cha kumwumiza, na anayesema kwamba anayo hajapata udhuru wa kuiachia mbingu kazi iliyo mikononi mwake.

Kuna pingamizi mbili dhidi ya Phelps ambazo haki inadai zisikilizwe. Ya kwanza ni ya madaktari, kwamba dawa ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwaziba watoto koo mpaka wakafa, ilipatikana katika miaka ya 1890 kwa majaribio juu ya simbilisi na kwa damu ya farasi, na kwamba mama wa mtoto aliyeokoka ana haki ya kusikilizwa kama mwenye mbwa aliyeibwa. Riwaya za Phelps hazimpi mama huyo nafasi inayomstahili, na huo ni upungufu wa kweli. Pingamizi hiyo, hata hivyo, inathibitisha tu kwamba yapo maumivu yanayohitaji kupimwa. Haithibitishi kwamba hayana uzito, na daktari aliyekwisha kuacha kutetemeka hana tena mizani ya kuyapimia. Ya pili ni nzito zaidi. Mbwa wa hadithi zake wana wenyewe wanaowalilia, na ikiwa upendo ndio ushahidi wa thamani, basi mbwa koko asiyependwa na mtu, anayekutwa jalalani ana upele na mguu uliovunjika, hana shahidi. Hapa ndipo jumuiya za uokoaji kama ile ya Boston ziliipita hoja ya “The Gates Ajar”, kwa kumpokea mnyama kabla ya kuwapo anayempenda, na zikaikuta hoja ya “Kentucky’s Ghost”, kwamba asiye katika orodha yoyote ana dai lake hata kama hakuna anayemlilia.

Dai hilo lilichelewa kusikilizwa. Mwaka 1965, miaka sitini na mmoja baada ya “Trixy”, mbwa wa madoadoa aitwaye Pepper alitoweka kutoka shamba moja la Pennsylvania, akapita mikononi mwa wachuuzi wa mbwa na kufia katika jaribio la hospitali moja ya New York. Ghadhabu ya umma iliyofuata, iliyochochewa zaidi na picha za gazeti juu ya hali za mbwa kwa wachuuzi, ilisukuma kupitishwa kwa sheria ya shirikisho ya Agosti 1966, ya kwanza nchini Marekani kusimamia upatikanaji na utunzaji wa wanyama wa maabara.

Kinachobaki kwa msomaji wa dini yoyote, na hata kwa asiye na dini, ni kwamba kusadiki kuwa nyuma ya macho ya mbwa kuna anayehisi ni tendo la namna moja na kusadiki kuwa marehemu hajafutika, kwa kuwa katika yote mawili mtu anazifuata ishara hadi mahali ambapo mkono haufiki. Tofauti ni kwamba wafu hawawezi kumsuta anayewaamini kwa maneno tu, ilhali mnyama aliye hai yupo leo, ana njaa leo, na anaweza kuokolewa leo. Kwa hiyo yeye ndiye mtihani ulio wazi zaidi wa imani ya yasiyoonekana, na anayedai kuiona mbingu huku akimpita mnyama huyo kando ya njia hajapata bado sababu ya kusadikiwa.